Magamba Ukumbini

Profesa wetu wa fizikia, Mungu amrehemu, alikuwa hamalizi kipindi bila kumtaja Erasto Mpemba, yule mwanafunzi wa sekondari ya Magamba aliyewahi nafasi kwenye friji mwaka 1963, akaingiza maziwa yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Basi kwenye mhadhara wa kumkumbuka, kamati ikataka watu wajionee kwa macho. Mimi mtunza maabara nikakabidhiwa visufuria viwili, maziwa na sukari.

Friza ya maabara ilikufa hata kabla ya marehemu. Nikaenda kumpigia magoti mama wa kantini.

"Weka tu baba, ila vibua wangu usiwaguse."

Friza yenyewe ilikuwa imejaa barafu ya tangu enzi. Kisufuria cha baridi nikakiweka kushoto, cha moto kulia, nikafunga.

Baada ya saa mbili nikapigiwa simu: lete! Cha baridi kikatoka bila shida, maziwa yanacheza kama uji. Cha moto, jamani, kimeganda! Nikakivuta kwa furaha. Hakitoki. Kumbe kiliyeyusha barafu, kikazama, nayo ikaganda upya ikakishika kama zege. Nikachukua mwiko wa ugali, nikachokonoa pembeni, nikakanyaga ukuta wa friza, bismillahi, nikang'oa. Kikaja na bonge la ukubwa wa tofali. Sikuwa na muda wa kulikagua.

Naingia ukumbini natweta, mtoa mada anaeleza kwamba wapo wanaodhani chombo cha moto huyeyusha barafu iliyo chini yake, kikaupata ubaridi vizuri zaidi. "Na huyu hapa," akasema, "ameleta ushahidi."

Nikakinyanyua juu ya kichwa ili hata wa nyuma waone.

Kimya. Halafu nikasikia mtu anakohoa kicheko. Nikatazama juu. Kibua mzima amening'inia chini ya kisufuria, nusu ndani ya barafu nusu nje, mdomo wazi kama mwanafunzi mwenye swali.

Mjane wa marehemu, mstari wa mbele, alishajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Miaka yote hiyo ananiimbia Magamba, Magamba," akasema, "leo ndiyo nayaona!"

Ukumbi ukaanguka. Na mlangoni, mwiko mkononi, alikuwa amesimama mama wa kantini, anahesabu vidole.