Kipande cha Safari Kisichohesabiwa: Stendi ya Mbezi na Abiria wa Dar es Salaam

Mabasi ya mikoani yanayoendelea kushusha na kupakia abiria Shekilango, ndani ya jiji la Dar es Salaam, na maeneo ya jirani, ndani ya yadi za kampuni zenyewe, yamezoeleka kuzungumzwa kama suala la nidhamu. Kituo cha Mabasi cha Magufuli kimejengwa Mbezi Luis, pembezoni mwa jiji, kwa Sh50.9 bilioni, kikazinduliwa tarehe 24 Februari 2021, na viongozi kwa nyakati tofauti wameagiza kwamba mabasi yaanzie na kuishia safari hapo. Kwa hiyo, husemwa, mmiliki anayepitiliza hadi mjini ni mkaidi, na abiria anayempenda kwa sababu hiyo anamsaidia kukaidi. Naona kwamba kulisoma jambo hili hivyo ni kulisoma nusu. Ukaidi unaodumu miaka kadhaa mbele ya matamko ya mara kwa mara huwa unatueleza kitu kuhusu agizo lenyewe, na hapa unatueleza kuhusu abiria ambaye hakuwekwa kwenye hesabu tangu mwanzo.

Waliouhamisha mlango wa jiji, yaani stendi kuu ya mabasi, kutoka Ubungo kwenda Mbezi walikuwa na sababu za kweli. Ubungo ndipo Barabara ya Morogoro inapokutana na Mandela na Sam Nujoma, na kwa miaka mingi mabasi ya nchi nzima yaliingia na kutoka mahali hapohapo ambapo malori ya bandarini na daladala za pande zote yaligombea njia. Aliyesafiri Desemba akitokea Ubungo anakumbuka msongamano wa wapiga debe, tiketi za ulaghai, mizigo iliyopotea na basi lililochukua muda mrefu kutoka getini tu. Siku ileile stendi ya Mbezi ilipozinduliwa, ilizinduliwa pia barabara ya juu ya Kijazi pale Ubungo, na ilikuwa vigumu kutetea uwekezaji mkubwa wa kuifungua njia panda hiyo huku chanzo kimojawapo cha foleni kikiachwa kando yake.

Iko hoja nyingine ya serikali ambayo mimi naiona nzito kuliko ya foleni, ingawa haisemwi kwa sauti ileile. Mahali pamoja pa kuanzia safari ni mahali pamoja pa ukaguzi. Askari wa usalama barabarani na maofisa wa LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, wanaweza kuangalia matairi, mikanda, leseni ya dereva, uwepo wa dereva wa pili kwa safari ndefu, na nauli iliyoandikwa kwenye tiketi. Basi linaloanzia kwenye yadi ya mwenyewe linaweza kuingia barabara kuu bila jicho la yeyote kulipitia. Nchi iliyozika watu wengi kwa ajali za mabasi haiwezi kulichukulia hilo kama jambo dogo, na mtetezi yeyote wa abiria asiye na jibu kwa hoja hii hajamtetea abiria.

Lakini tumwangalie sasa huyo abiria mwenyewe. Anatoka Singida na dumu la mafuta ya alizeti, kuku wawili kwenye kikapu na gunia alilopewa na ndugu. Ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Nauli ya basi ameilipa kwa kujibana. Tiketi yake imeandikwa Dar es Salaam, na kwake Dar es Salaam ni Mbagala, au Gongo la Mboto, au Kigamboni ng'ambo ya kivuko. Anaposhushwa Mbezi Luis, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, kwa mujibu wa takwimu za usafiri safari yake imekwisha. Kwa mujibu wa miguu yake imebaki sehemu ngumu kuliko zote.

Mwendokasi ungekuwa jibu, na wapangaji wanapoulizwa huutaja. Ila awamu ya kwanza ya mradi huo, yenye kilomita 20.9, ilipoanza kutoa huduma Mei 2016 iliishia Kimara, wala haikufika Mbezi. Huduma ya kwenda Mbezi imekuja kama nyongeza. Na hata pale basi linapopatikana, ni chombo kilichobuniwa kwa mtu anayekwenda kazini na mkoba wake. Saa ya msongamano abiria mwenye mikono mitupu husukumana mlangoni. Mwenye gunia hana hata haja ya kujaribu. Daladala humtoza nafasi ya mzigo kama mtu mzima. Kinachobaki ni bajaji, bodaboda au teksi, kwa bei anayotajiwa akiwa amechoka, hana simu yenye bando ya kulinganisha nauli, na hajui umbali wa anakokwenda.

Tangu serikali iliporuhusu mwaka 2023 mabasi yasafiri saa 24, baada ya zuio la miaka mingi, uzito wa kipande hiki cha kutoka Mbezi hadi nyumbani umeongezeka. Ruhusa ile ilikuwa njema. Wafanyabiashara na wagonjwa waliihitaji. Lakini imefanya mabasi yafike saa saba, saa nane, saa tisa za usiku, wakati usafiri wa umma wa jiji umelala. Nimewahi kufika Mbezi saa kama hizo, na nilichokiona kimenikaa moyoni hadi leo: kina mama waliotandika khanga sakafuni, watoto wameegemea mabegi, wote wakisubiri kupambazuke ili waendelee na safari ambayo tayari wameilipia. Wengine walikuwa na nauli ya bajaji, wakaogopa. Kwa anayeondoka hali ni hiyohiyo kinyumenyume, kwa sababu basi la Mwanza au Mbeya linaloondoka alfajiri humdai mkazi wa Chamazi aamke saa nane za usiku na kutafuta bodaboda gizani.

Hapa ndipo hoja ya foleni nayo inapohitaji kupimwa upya, na ninaomba msomaji anivumilie nikiifanyia hesabu ya kukadiria. Chukua basi moja lenye abiria 50. Tuseme 20 kati yao wanapata mwendokasi au daladala, na 30 waliobaki, kwa sababu ya mizigo, wanapanda bajaji wawiliwawili. Hizo ni bajaji 15. Basi lina urefu wa mita 12 hivi; bajaji moja ina mita mbili na nusu na ushee. Bajaji 15 zikipangwa mkia kwa pua, bila nafasi hata ya hatua moja kati yao, zinashika barabara zaidi ya mara tatu ya urefu wa basi lile, na zinapita Barabara ileile ya Morogoro, Kimara na Ubungo ileile ambayo basi lilizuiwa kuipita. Badilisha idadi utakavyo. Weka bajaji saba badala ya 15, bado hujapata nafuu uliyoahidiwa. Tulichofanya ni kulitoa gari moja kubwa machoni na kuingiza mengi madogo yasiyoonekana kwenye taarifa, na gharama ya kuyaendesha tumeihamisha kutoka kwa kampuni ya basi kwenda kwenye mkoba wa abiria.

Dar es Salaam haiko peke yake. Dodoma stendi kuu imekwenda Nanenane, Tanga imekwenda Kange, Iringa imekwenda Igumbilo, na kila mahali manung'uniko ya wananchi yanafanana. Nairobi walijaribu kwa namna kali zaidi tarehe 3 Desemba 2018, walipozuia matatu kuingia katikati ya jiji. Wafanyakazi walitembea umbali mrefu kwa miguu asubuhi hiyo, wazee na wenye ulemavu miongoni mwao, na uamuzi ukasimamishwa upesi.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi, hata hivyo, ni treni. Reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata, stesheni yake kuu ya Dar es Salaam haikuwekwa Pugu, pembezoni mwa jiji. Iliwekwa katikati ya jiji, hatua chache kutoka Gerezani na Kariakoo, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu kila mtu anajua kwamba thamani ya treni iko kwenye kumfikisha mtu mjini. Basi la Singida au Kahama, ambako reli hiyo haijaanza kubeba abiria, linabeba watu wenye kipato kidogo zaidi, na ndilo lililoambiwa liishie pembezoni. Sijui ni kwa msingi gani abiria wa chombo kimoja anastahili kufika mjini na wa kingine hastahili.

Kuna sababu ya kiutawala ambayo haijadiliwi vya kutosha. Siku ileile ya uzinduzi, Februari 2021, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam iliyokuwa ikisimamia mambo yanayovuka mipaka ya manispaa ilivunjwa, na hadhi ya jiji ikapewa Ilala. Zikabaki halmashauri tano, kila moja na mipaka yake na bajeti yake, zikihudumia mkoa ambao sensa ya 2022 iliuhesabu kuwa na watu 5,383,728. Stendi ya Mbezi iko ndani ya Manispaa ya Ubungo. Ushuru wa mabasi na kodi ya vibanda hupimwa kama mapato ya ndani ya mradi wa kimkakati. Kero ya abiria inaishia Temeke au Kigamboni, ambako hakuna anayewajibika kwa stendi hiyo. Simlaumu mkurugenzi anayelinda mapato ya halmashauri yake, maana ndiyo kazi aliyopewa. Ila ni wazi kwamba hakuna meza hata moja ambapo safari nzima ya yule mama wa Singida inajadiliwa kuanzia Singida hadi mlangoni kwake.

Kwa mtazamo wangu, ukaguzi na mwisho wa safari ni mambo mawili yaliyofungwa pamoja bila ulazima. Basi linaweza kulazimika kuingia Mbezi, likaguliwe, lilipe ushuru, kisha liruhusiwe kuendelea na abiria wake hadi vituo vichache vilivyotengwa rasmi ndani ya jiji, angalau kuanzia saa nne za usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, wakati barabara ziko wazi na abiria yuko hatarini zaidi. Na mabasi ya Lindi na Mtwara yanayoingia kwa Barabara ya Kilwa hayana sababu ya kuvushwa jiji zima kwenda Mbezi; ukaguzi wake unaweza kufanyika Mbagala. Watakaopinga watasema kwamba ukifungua mlango kidogo utafunguka wote, na wana haki ya kuhofia hilo kwa jinsi sheria zetu zinavyosimamiwa. Lakini mlango tayari uko wazi, kupitia yadi za Shekilango, na mamlaka hazipati faida yoyote ya usimamizi kwa kujifanya umefungwa.

Jambo linalonipa haraka ni ardhi. Pale ilipokuwa stendi ya Ubungo, mahali ambapo leo mwendokasi, daladala na barabara za pande nne vinakutana, pamejengwa kituo cha biashara cha EACLC chenye maduka zaidi ya 2,000, kilichozinduliwa Agosti 2025. Ni uwekezaji mkubwa na una wateja wake, ila eneo lile la umma halitarudi tena kwa abiria. Yadi zilizobaki Shekilango ni za watu binafsi, na bei ya kiwanja kando ya Barabara ya Morogoro inapanda kila mwaka. Siku wamiliki watakapoona kwamba ghorofa la fremu linalipa kuliko maegesho ya mabasi, watajenga, na halmashauri itakayotaka kituo cha kushusha abiria ndani ya jiji italazimika kuinunua ardhi hiyo kwa bei ya maduka. Eneo la kituo cha namna hiyo linapaswa kutengwa kwenye mipango miji ya Ubungo na Kinondoni sasa, kabla ya kibali cha ujenzi kinachofuata kupitishwa.