Nilivyofungiwa Ndani ya Lupita

Kikundi chetu cha maigizo kina watu watatu, lakini Dairekta akipiga bei na walimu husema tuko tisa. "Huyu dada peke yake ni watu saba," huwaambia huku akininyooshea kidole, na mwalimu hujibu kwamba ni sawa, ila sahani ya wali itakuwa ya mtu mmoja.

Mwaka karibu mzima tunazunguka na tamthilia za vitabu teule, kutoka Kondele, Kisumu, tunakokaa hadi Siaya, Vihiga na Kakamega. Wasichana wa kidato cha nne wakishajua nani alimsaliti nani, msimu umekwisha, na mwenye nyumba hajui mambo ya misimu. Ndipo Dairekta akabuni mchezo wake mwenyewe: maisha ya Lupita Nyong'o, mwigizaji wetu wa Hollywood. Hesabu yake haikuwa mbaya. Kwao ni hapa hapa Seme, baba yake Profesa Anyang' Nyong'o ndiye gavana wa Kisumu tangu 2017, na ile kauli yake kwamba ndoto za kila mtoto ni halali imechorwa kwenye kuta za shule nyingi za wasichana, mara nyingine karibu na choo.

Nilifurahi mpaka niliposoma muswada. Huyu mwanamke amekuwa mtumwa, jasusi, mama wa watoto wawili pamoja na adui wa mama huyo huyo, ajuza wa sayari nyingine mwenye umri wa zaidi ya miaka 1,000, tena roboti. Wenzetu wa Hollywood wana kompyuta na wapambaji. Sisi tulikuwa na leso nne, wigi moja na Romeo. Romeo ndiye mtu wetu wa tatu. Anaigiza kila mwanamume aliyewahi kuandikwa, na jina likamganda.

Dairekta aliamua mchezo uanze mwisho urudi nyuma: tufungue na mwaka 2025, tufunge na kuzaliwa. Nilimuuliza watazamaji wataondokaje wakati mhusika ndiyo kwanza anazaliwa. Akaniambia hiyo ndiyo sanaa.

Kizaazaa kilianzia kwa roboti. Mwaka 2024 Lupita alitoa sauti ya Roz katika The Wild Robot, roboti anayetupwa na bahari kwenye kisiwa kisicho na watu akaishia kumlea kifaranga wa bukini. Nilimkumbusha Dairekta kwamba Lupita hakuvaa chochote, alitoa sauti tu. "Kule kwao sawa," akasema, "lakini shuleni kwa watoto wa wenyewe huwezi kupanda jukwaani hujavaa chochote." Akaenda sokoni Kibuye kwa fundi bati.

Sasa, yule fundi kazi yake ni masanduku ya shule, yale ya bati ambayo kila mwanafunzi wa bweni hulala nayo chini ya kitanda. Akiagizwa roboti, ataunda sanduku lenye miguu. Na ndivyo alivyofanya. Kifua ni sanduku, mikono ni mabomba ya bati yaliyonyooka bila kiwiko, kichwa kimepigwa ribiti kikashikana na mabega, usoni kuna kidirisha. Mgongoni kuna mlango, na kwenye mlango pete mbili za kutia kufuli, kwa sababu kwa fundi huyo sanduku lisilo na kufuli ni kazi ya kiporo. Tulipofanya mazoezi bila kufuli, mlango ulifunguka kila nilipogeuka. Dairekta akanunua kufuli dogo la kichina, la rangi ya dhahabu, na ili ufunguo usipotee akauning'iniza mahali anapopaamini kuliko mfuko wake mwenyewe: kwenye funguo za dereva wa matatu tuliyoikodi.

Shule yenyewe ilikuwa ya bweni, ya wasichana, upande wa Maseno, pale barabara ya Busia inapokata ikweta. Siku ya kutoa zawadi. Ukumbi ulijaa wazazi, mbele ameketi Madam Mkuu na mgeni wa heshima, mhandisi mmoja mstaafu mwenye suti ya pamba nzito. Jua lilikuwa juu ya utosi, wala si maneno ya kishairi: pale Maseno liko juu ya utosi kweli.

Tulifungua na Viola. Mwaka 2025 Lupita alimcheza Viola wa Shakespeare kwenye ukumbi wa wazi wa Delacorte ndani ya Central Park, New York, na Sebastian, pacha wake wa mchezoni, akachezwa na mdogo wake wa kweli, Junior. Mapacha hao wametenganishwa na dhoruba baharini. Romeo alinikumbatia, tukalia, mama mmoja akajipangusa macho kwa leso. Naliandika hili ili ijulikane kwamba siku ile nilianza nikiwa binadamu.

Nyuma ya pazia Dairekta akanitia ndani ya bati, akabana kufuli, tka! Nikatoka nikiwa Roz. Ukumbi uliinuka. Kifaranga wa bukini alikuwa bata wa shangazi yake Romeo, ambaye aliangalia umati mara moja akakimbilia chini ya meza ya wageni na hakuonekana tena hadi wakati wa chakula. Tulipigiwa makofi. Nikarudi nyuma ya pazia, nikampa Dairekta mgongo. Nikasubiri. Nikasubiri tena.

"Dada," akanong'ona, "ufunguo uko kwa dereva."

"Na dereva yuko wapi?"

Alikuwa amepita Luanda, mji ulio mbele kwenye barabara ya Busia. Amepata watu wa haraka, akaona gari lisikae bure. Dairekta alimpigia simu, akaiweka kwenye kidirisha changu nisikie mwenyewe. "Omera, ndugu yangu, niko hapa getini, naingia sasa hivi," dereva akasema, na nyuma yake tukasikia mtu akiita, "Busia! Busia, wawili wamebaki!"

Mikono yangu haikuweza kufika mgongoni. Wala puani, na pua ilikuwa imeanza kuwasha. Jasho lilikuwa limeshafika kwenye soksi. Nje, msimamizi wa shughuli alikuwa ameshatangaza mchezo unaendelea, na malipo yetu ya pili hutolewa mchezo ukiisha.

"Ingia hivyo hivyo," Dairekta akasema. "Lupita ni mwigizaji wa kila aina. Mbadilishe kwa sauti."

Kwa hiyo nikaingia kwenye Us ya mwaka 2019, ile ambayo Lupita ni Adelaide na vilevile ni Red, mtu na mfano wake anayemjia usiku. Red ana sauti ya kukwaruza, kama koo limesahau kazi yake. Mimi nilijaribu sauti hiyo ndani ya bati. Sijui bati liliifanya nini, lakini safu nzima ya kidato cha pili ilihamia kwa kidato cha tatu, na mgeni wa heshima alikamata mkono wa kiti cha Madam Mkuu. Sijawahi kuigiza vizuri namna ile, kabla wala baada.

Nakia wa Black Panther, 2018, alinifaa pia. Jasusi wa Wakanda akivaa chuma, nani atauliza? Niligeuka kupiga adui, bomba la mkono likampata Romeo sikioni, akaanguka bila kuigiza. Wasichana wakapiga kelele za "Wakanda!" na Romeo akabaki chini zaidi ya muswada ulivyotaka.

Eclipsed tuliipita mbio, ingawa mimi ndiyo naipenda kuliko zote: tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake katika vita vya Liberia, iliyompeleka Lupita jukwaani Broadway mwaka 2016 akateuliwa kuwania tuzo ya Tony. Mtu ana Oscar nyumbani, filamu zinamsubiri, anaenda kusimama jukwaani kila jioni. Nilitaka kuisema ile hotuba yangu vizuri. Nilichoweza kusema ni kwamba naomba maji, na Romeo akadhani ni sehemu ya Liberia, akalia nami.

Ikafuata hadithi ya gauni. Mwaka 2015 Lupita alivaa kwenye Oscar gauni la Calvin Klein lenye lulu kama 6,000. Likaibwa hotelini, na siku mbili baadaye likapatikana chooni mwa hoteli hiyo hiyo. Romeo, sikio limevimba, alinyata na leso nyeupe kama mwizi. Wasichana walicheka kupita kiasi, wakitazamana kando kando. Matron, aliyesimama mlangoni mikono kiunoni, akasema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe hata Hollywood kuna wezi wa bweni!" Kicheko kikakatika pu. Niliona ajabu, lakini mtu aliyefungiwa hana nafasi ya kuchunguza.

Tukafika tarehe 2 Machi 2014, usiku wa Oscar. Sanamu lenyewe lina urefu wa sentimita 34 na uzito wa karibu kilo nne. Letu lilikuwa kikombe kidogo cha tamasha ambacho Madam Mkuu alituazima kutoka kabati la ofisini, baada ya kutuapisha. Lupita alipokea tuzo akiwa na gauni la samawati nyepesi, aliyoiita samawati ya Nairobi. Mimi nilinyoosha mabomba mawili yasiyokunja. Romeo hakujua kikombe akiweke wapi. Akakileta usoni nikibusu, kikapita kwenye kidirisha, kikateremka kifuani, kikatua tumboni, kle-nge-le.

Madam Mkuu alisimama. "Kikombe changu kimeenda wapi?"

"Kiko salama, Madam," nikajibu kutoka ndani. "Ninacho."

Sehemu ya Patsey, ile ya 12 Years a Slave iliyompa Oscar, tuliiruka. Dairekta alinifanyia ishara nichume pamba hivyo hivyo, nikakataa. Yule ni mwanamke aliyechuma zaidi ya ratili 500 kwa siku, na malipo yake yakawa mjeledi. Huyo hachezwi na mtu mwenye kikombe tumboni.

Juliet lakini hakuepukika. Lupita alimcheza akiwa na miaka 14, Nairobi, na kikundi cha Phoenix Players, na mbele ya wasichana wa umri huo huo Dairekta alikuwa ameahidi kilio. Romeo akanywa sumu, akafa vizuri. Zamu yangu kujichoma kisu. Kisu kilikuwa kiunoni mwa marehemu na mimi siinami. Tukakaa hivyo, yeye maiti, mimi nimesimama wima, mpaka msichana mmoja akapaza sauti, "Romeo, msaidie!" Marehemu akafumbua jicho, akainuka, akanichoma kisu cha mbao kifuani, ng'o, akarudi kufa. Kikombe kikaitika tumboni.

Ikabaki Mexico City, tarehe 1 Machi 1983. Baba alikuwa akifundisha kule, ndiyo maana mtoto wa Seme akaitwa jina la Kimeksiko. Mimi sasa nilikuwa mama mjamzito, na kwa kelele zilizokuwa tumboni hakuna aliyekuwa na shaka. Nikalegea kwa kweli. Mama wa jikoni aliyekuwa dirishani akaita, "Nyathina, mwanangu, anazimia! Mtoeni!"

"Amefungwa kufuli!" Dairekta akakiri mbele ya kaumu.

Kufuli! Neno hilo kwenye shule ya bweni ni lugha ya mama. Kila msichana ana ufunguo shingoni, kwenye kamba ya kiatu. Wakamiminika jukwaani bila kuitwa, wakapanga foleni mgongoni kwangu, wa kwanza akajaribu, wa pili akajaribu, na mimi ndani nahisi vidole na maoni. "Huu ni mnene." "Tia mafuta." "Wako una kutu, toka." Mgeni wa heshima naye alikuja na kalamu yake, akiamini uhandisi utasaidia.

Kisha akafika kasichana ka kidato cha pili, kapole, kamevaa beji ya Muungano wa Wakristo. Ufunguo wake uliingia ukazunguka kwa namna ya ufunguo uliozoea safari. Tka! Mlango ukafunguka, upepo wa ziwa ukanipiga mgongo, na kikombe kikatoka nyuma yangu kikagonga mbao za jukwaa mbele ya Madam Mkuu. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Walijua ndivyo mchezo ulivyoandikwa: Lupita amezaliwa, tena akiwa tuzo. Dairekta, mtu asiye na haya, aliinama kushukuru.

Matron peke yake hakupiga makofi. Alipanda jukwaani polepole.

"Mama," akamwambia yule wa beji, "ufunguo wa sanduku lako umefungua kufuli la watu wa Kisumu?"

"Matron, ilikuwa tu sehemu ya mchezo."

"Na sukari ya Bweni la Pili? Na maziwa ya unga ya binti wa mchungaji? Ni mchezo pia?"

Wakaenda bwenini, na nusu ya ukumbi ikawafuata ikiacha hotuba ya mgeni wa heshima, ambaye alikuwa ameshaanza kutupongeza kwa kuwafundisha watoto teknolojia. Ufunguo ulifungua sanduku la kwanza. Ukafungua la pili. Likaletwa sanduku la mwalimu wa zamu, nalo likasalimu amri.

Hapo ndipo dereva wetu alipotokea mlangoni, anatoka Busia, anatabasamu, ametanguliza kidole chenye funguo. "Poleni, poleni. Si huu hapa?"

Matron akauchukua, akauangalia, akauangalia tena. Akauingiza kwenye sanduku lililokuwa karibu. Likafunguka.

"Na huyu naye nani?" akauliza. "Funga geti."

Tulirudi Kondele usiku, na bati langu juu ya keria, kwa sababu dereva alishinda chumba cha Matron akieleza mara ya mwisho alinunua wapi sukari.