Githeri ya Marikiti na Ile Chati ya Darasani

Ikifika saa nne asubuhi, wavuta mikokoteni wa soko la Marikiti, Nairobi, huwa washapiga safari mbili tatu za magunia ya viazi, ndipo wanaketi kwa mama wa githeri, ule mchemsho wa mahindi na maharagwe. Juzi nilijibanza kwenye benchi kando ya mmoja wao.

"Mama, niongezee supu. Na hiyo ovakado usiikate nyembamba."

Sahani ililetwa imefura kilima. Alikula bila haraka, akashushia kikombe cha maji, akarudi mzigoni. Mimi niliyekunywa chai ya sukari vijiko vitatu na mandazi mawili saa moja asubuhi, nilikuwa napiga miayo tayari, na sikuwa nimebeba chochote isipokuwa simu.

Shule ya msingi tulikuwa na chati ukutani: vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, vya kulinda mwili. Ugali na viazi huku, maharagwe na nyama kule, sukuma wiki na machungwa mwisho. Naona chati ile ilitupotosha. Maharagwe makavu, ukiyapima, zaidi ya nusu ni wanga. Protini haifiki hata robo. Tena protini yenyewe mwili ukitaka huichoma: gramu moja hutoa kilokalori 4, sawasawa na wanga. Mafuta hutoa 9, kwa hivyo yule bwana alijua alichokuwa akidai kwenye ovakado.

Na sukuma je? Vitamini hazina kalori hata moja. Lakini seli ikikosa vitamini za kundi B haiwezi kuchoma glukosi, ile sukari ya kwenye damu, ipasavyo, na damu ikikosa madini ya chuma haibebi oksijeni ya kutosha kuuwasha moto huo. Ndiyo sababu mwenye upungufu wa damu hushiba ugali na bado akapanda ngazi akihema. "Kulinda mwili" ni jina dogo mno kwa kazi kama hiyo.

Tofauti ya mandazi yangu na githeri yake iko kwenye mwendo. Unga mweupe na sukari ya chai huvunjwa upesi, glukosi inapanda kwenye damu, kongosho linamwaga insulini, seli zinafungua mlango na sukari ile inashuka. Mahindi mazima na maharagwe yana maganda na nyuzinyuzi; tumbo huyashughulikia polepole, glukosi ikitiririka kidogo kidogo hadi mchana. Ya ziada huwekwa kwenye ini na misuli kama glaikojeni, akiba ya kuvutia mkokoteni mlimani. Sisi wa kukaa kwenye kiti tusijidanganye pia: ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini mtu akiwa ametulia unakula karibu asilimia 20 ya nishati yote.

Kinachoniudhi hasa ni yale makopo ya vinywaji vya "nguvu" yanayouzwa kila steji ya bodaboda. Mengi yana sukari gramu 10 hivi kwa kila mililita 100, maana yake kopo la nusu lita ni gramu 50, kilokalori 200 za kasi ileile ya chai yangu. Kinachomfanya mtu ajihisi mpya ni kafeini, nayo haimpi nishati yoyote ya maana. Inakalia tu vipokezi vya adenosini, ile kemikali inayouambia ubongo kwamba mwili umechoka. Uchovu wenyewe haujaenda popote, ni mlalamikaji tu amezibwa mdomo. Halafu kijana huyo anaingia Barabara ya Jogoo na abiria wawili nyuma.

Jana nilirudi kwa mama nikiwa na njaa ya kweli, saa saba unusu. Alifunua sufuria akanionyesha sakafu yake.

"Githeri ni ya watu wa asubuhi, mwanangu. Nimebakisha chai na mandazi."

Nikachukua mandazi.