Kibao Ukutani, Moshi Mezani

Sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku, ya mwaka 2007, haikusema "bandika kibao cha wavutaji kwenye kona". Inataka chumba kilichotengwa kwa ukuta kuanzia sakafuni hadi darini, chenye mlango unaofungwa, na hewa yake itolewe moja kwa moja nje bila kurudi kwa wengine. Sasa ingia baa nyingi mjini: ukuta unaishia kiunoni, mlango hakuna, na pazia la plastiki limefungwa kamba pembeni ili wahudumu wapite na trei.

Halafu utaambiwa, "Lakini kuna kiyoyozi." Kiyoyozi gani? Hicho cha ukutani kinavuta hewa ya chumba kilekile, kinaipoza na kuirudisha. Kichujio chake hukamata vumbi, si gesi za moshi. Kinachotakiwa ni feni ya kutoa hewa nje, na tundu lake lisiwe juu ya dirisha la jikoni, jamani! Kupima ni rahisi: feni ikiwa imewashwa, ninginiza kipande cha tishu kwenye upenyo wa mlango. Kikivutwa kuelekea chumba cha wavutaji, sawa. Kikipepea kuja kwako, moshi nao unakuja.

Na wa sigara za kielektroniki msicheke. Ule "mvuke" si wa birika. Ni matone madogo mno ya glisirini, na mara nyingi nikotini ndani yake. Harufu ya embe haiufanyi kuwa juisi.