Mashine ya kwanza ya kukereza: tazama kasi ya chini kabla ya urefu

Msimu wa korosho unapofunguka na malipo ya minada yakaanza kuingia, kuna mteja wa aina moja anayejitokeza kwenye maduka ya vifaa ya Mtwara mjini, Masasi na Lindi: fundi seremala kijana, fungu analo, anatafuta mashine yake ya kwanza ya kukereza. Swali lake la kwanza ni urefu. Inachukua mti wa futi ngapi? Swali lina sababu, maana kazi inayoleta hela ni matendegu ya vitanda, miguu ya meza na nguzo za ngazi. Basi anauziwa mashine ndefu na nyepesi, na mara nyingi mashine hiyo huishia kona ya karakana imefunikwa turubai.

Msimamo wangu ni huu: mashine ya kwanza ichaguliwe kwa kasi yake ya chini kabisa, kisha uzito, kisha kama itatengenezeka hapa hapa ikiharibika. Urefu uje mwisho.

Ile ndefu ya bei nafuu utaitambua ukiwa mlangoni. Reli yake ni bomba au bati lililokunjwa, inachukua mti wa mita moja, mota yake ni ya wati 350 hadi 400, na kibandiko chake kinaonyesha kasi nne, ya chini ikiwa karibu na mizunguko 850 kwa dakika. Hiyo 850 ndiyo shida yenyewe. Chukua kipande cha mwembe chenye kipenyo cha sentimita 25, unataka kutoa bakuli. Kwa kasi hiyo ukingo wake unakimbia mita 11 kwa sekunde, yaani kilomita 40 kwa saa, mwendo wa bodaboda mtaani. Na kipande kilichotoka kwenye msumeno hakiwi duara kamili. Tuseme upande mmoja umezidi gramu 200 tu, sentimita 10 kutoka katikati. Kwa mizunguko 850, gramu hizo zinaivuta mashine kwa nguvu sawa na mzigo wa kilo 16, na mvuto huo unaizunguka mashine mara 14 kila sekunde. Shusha hadi 400, mvuto unabaki kama wa kilo tatu na nusu. Kasi imepungua zaidi kidogo ya nusu, lakini mtikiso umepungua zaidi ya mara nne, kwa sababu nguvu hii hupanda kwa kasi iliyozidishwa kwa yenyewe.

Wakerezaji wana hesabu moja ya kukumbuka: zidisha kipenyo cha mti kwa inchi na mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Mguu wa kiti wa inchi 2 unaweza kwenda mizunguko 3,000, ingawa anayeanza asivuke 2,000. Bakuli la inchi 10 ni 600 hadi 900, na hiyo ni kwa bakuli lililokwisha kuwa duara. Gogo lenye magome na pembe lianze chini ya nusu ya hapo. Kwa hiyo mashine isiyoshuka chini ya 500 ni mashine ya vijiti tu, hata kama muuzaji anakuonyesha picha ya bakuli kwenye boksi.

Mashine ninayoipendekeza ni fupi na nzito: ya chuma cha kumimina, reli mbili zilizonyooka, nafasi ya sentimita 40 hadi 45 kati ya ncha mbili zinazobana mti, inayozungusha kipenyo cha sentimita 25 hadi 30, mota ya wati 550 au 750, uzito wa kilo 40 au zaidi. Ifunge kwa bolti kwenye meza ya mbao nzito, na chini ya meza upange mifuko miwili mitatu ya saruji iliyojazwa mchanga mkavu. Kila mfuko unazidi kilo 50, na mchanga Mtwara hauna bei. Tofauti utaiona kwenye mti: mistari midogo ya mawimbi inayosumbua msasa inapungua papo hapo.

Sasa matendegu. Kweli, tendegu la sentimita 70 haliingii humo. Lakini tendegu zuri huwa na vifundo na mifereji, na mfereji ndio mahali pa kuficha kiungo. Kereza vipande viwili. Kimoja kiachie ulimi wa kipenyo cha milimita 25, urefu milimita 50; kingine kitoboe tundu la milimita 25, refu kuliko ulimi kwa milimita 3 ili gundi ipate pa kwenda. Chora mfereji mwembamba kwenye ulimi, la sivyo hewa na gundi vitanasa ndani na kiungo hakitakaa. Bega la ulimi likatwe likiwa limebonyea kidogo kuelekea ndani, ili ukingo wa nje ubane bila nafasi. Tendegu likipigwa vanishi, hata seremala mwenzako atatafuta kiungo kwa kidole. Na tusidanganyane kuhusu miti mirefu: urefu ukizidi kipenyo mara kumi hivi, mti unaanza kupinda katikati ukisukumwa na patasi, na mashine ya mita moja nyepesi haina dawa ya hilo.

Tuje kwenye umeme. Nyumba nyingi zina umeme wa njia moja, volti 230, kwa hiyo mota ya njia tatu iache dukani. Mashine zilizotoka Marekani ni za volti 110 au 120 na umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde. Ukiichomeka moja kwa moja unaiunguza. Kubwa zaidi ni suala la kubadili kasi. Kuna mashine za kubadili kwa kuzungusha kitufe, na kuna za kuhamisha mkanda kutoka puli hadi puli. Za kitufe ni raha kutumia, nakubali. Lakini ndani yake kuna bodi ya kielektroniki, na umeme ukishuka na kupanda bodi ndiyo inayotangulia kufa, na nyingine kama hiyo itabidi uiagize mbali. Mkanda ukikatika unauchukua, unakwenda dukani, unapata wa namba ile ile. Mota ya kawaida ikiungua, fundi wa kusuka mota atairudishia waya. Kapasita ikifa, inabadilishwa kwa dakika kumi. Kwa anayekaa Newala au Nachingwea ningechagua mkanda bila kusita. Mota nayo iwe iliyofunikwa, yenye feni ya nje, kwa sababu vumbi la mbao likichanganyika na hewa ya chumvi ya pwani hushika kwenye waya za mota iliyo wazi.

Nyaya za kuunganishia ndizo zinazoua mota nyingi kimya kimya. Mota ya wati 750 ikianza inavuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida. Waya mwembamba na mrefu unapunguza volti, mota inanguruma bila kuzunguka, inapata moto. Tumia waya wa milimita 2.5, ufupi iwezekanavyo. Na jenereta ndogo ya wati 800 haitaiwasha hata siku moja.

Kabla hujatoa hela, ikague mwenyewe. Plagi ikiwa imechomolewa, shika shafti, yaani chuma kinachouzungusha mti, uitikise kwa mkono juu chini na mbele nyuma: isicheze kabisa. Ikicheza ni beringi, na hiyo si mwisho wa dunia kama ni za namba za kawaida kama 6205, ambayo hupatikana kwenye maduka ya vipuri vya pikipiki na magari. Weka ncha moja kichwani, upande wa mashine wenye shafti, nyingine mkiani, upande wa pili unaosogea juu ya reli, kisha sogeza mkia mpaka zigusane. Zikipishana milimita moja, miguu na vijiti bado utakereza, maana mti unazunguka kati ya ncha popote zilipo. Ila ukitoboa tundu kwa biti iliyoshikwa na mkia, tundu litatoka pana na la upande. Funga kiegemeo cha patasi kisha ukikandamize kwa uzito wako. Kikishuka au kikiteleza, achana na mashine hiyo, kwa sababu kiegemeo kinachoteleza ndicho kinachoingiza vidole kwenye mti. Mwisho iwashe ikiwa tupu, simamisha sarafu ya shilingi 500 kwa ukingo juu ya kichwa cha mashine. Ikianguka mara moja kwa kasi ya kati, kuna puli au shafti iliyopinda.

Pima pia thredi ya shafti. Zinazoenea ni M33 kwa 3.5 (kipenyo milimita 33, jino hadi jino milimita 3.5) na inchi 1 kwa meno 8 katika kila inchi. Mashine ndogo za zamani za Uingereza zina robo tatu ya inchi kwa meno 16. Tundu la ndani ya shafti liwe koni ya Morse, kipimo cha kawaida cha tundu linalopungua kuelekea ndani, namba 2, ambayo mdomo wake ni kama milimita 18. Namba 1 ni milimita 12, na vifaa vyake ni vichache. Thredi ya ajabu ina maana kila chaki ya taya nne, kifaa cha kuubana mti kwenye shafti, utakayoiona haitaingia. Sahani ya kufungia mti, hata hivyo, fundi wa kukereza chuma anaweza kukutengenezea akipewa shafti apime.

Wapo wanaochomelewa mashine na mafundi wa mageti. Siwapingi, kwa sharti wajue inapoharibika. Chuma kikichomelewa upande mmoja mfululizo hujikunja, reli zinapoteza mstari. Fundi aweke vidonge vya weldi kwa kupokezana pande, kisha anyooshe. Wengi hufunga shafti ya milimita 25 kwenye beringi za kukalia za UCP205, zinazoshikilia shafti kwa skrubu mbili ndogo. Ukikaza mkia, shafti inasukumwa nyuma na skrubu zinateleza. Dawa ni shafti kukerezwa bega linaloegemea beringi. Kasi ni hesabu nyepesi: mota ya mizunguko 1,400, puli ya inchi 2 ikivuta ya inchi 6, unapata 467. Inchi 5 ikivuta 3, unapata 2,333. Puli za ngazi tatu zinatosha. Mota ya mizunguko 2,800 usiikubali hata kwa bure.

Fungu lako lote usilimalize kwenye mashine. Nusu ibaki kwa patasi, grenda ya mezani na kinga ya uso. Mwanzo unahitaji bobari (patasi yenye mdomo uliopinda kama mfereji) kubwa ya kuparuza, bobari ya milimita 10, patasi ya kukatia ya milimita 3 na patasi ya mshazari, zote za HSS, chuma kisicholegea kwa joto. Kazi ya mabakuli ina bobari yake yenye mfereji wa kina. Ile bobari kubwa ya kuparuza usiipeleke kwenye bakuli kamwe: shina lake linaloingia kwenye mpini ni jembamba, na nyuzi za bakuli zikiinasa linavunjika. Patasi za tupa chakavu ndizo zinazonitia hofu zaidi. Tupa ni chuma kigumu kinachokatika kama chupa, na ikikatika hapo uso wako uko sentimita 40 tu. Nguo nazo: mikono mirefu, msuli na glovu viwekwe kando, vyote hunaswa.

Reli ipakwe nta ya nyuki iliyolainishwa kwa mafuta ya taa kila jioni. Mikindani au Kilwa Masoko, ukiacha wiki moja tu, kutu inashika na mkia unakataa kusogea.

Na mti wa kujifunzia uwe mwembe mbichi, wa bei ya kuni. Mtiki wa Rondo unakerezeka vizuri, ila unapunguza makali haraka, basi uende nao ukishajua kunoa. Mpingo usubiri. Una uzito unaozama majini, na ndio mti wa ala za kupuliza kama klarineti na obo. Vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, kwa misitu yao mwaka 2009, na kuona magogo ya mpingo yakisafiri kwenda kukerezwa kwingine kunauma. Lakini mpingo hausamehi: makali yakiwa butu unatoa moshi, msasa ukikazwa joto linaupasua, na vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Ukiweza kutoa vijiti kumi vya mwembe vinavyolingana bila msasa, tafuta mabaki halali ya wachongaji, vipande vya sentimita 4 kwa 15, uanze na mpini wa bobari yako mwenyewe.