Mteja anauliza kontena liko wapi

Ndugu mwandishi, umesema treni za mizigo za SGR, reli mpya ya kisasa, kwenda bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani zitapunguza malori barabara ya Mandela jijini Dar es Salaam. Naunga mkono, ila kasi peke yake haitoshi. Mimi ni wakala wa forodha. Mteja wangu haulizi treni inakimbia kiasi gani, anauliza kontena lake liko wapi. Lori lina GPS na dereva ana simu, namjibu papo hapo. Mwaka jana kampuni moja ilinichukulia makontena mawili kwa njia ya reli, siku sita sikupata mtu wa kuniambia yamefika wapi. Mteja akarudi kwenye malori, na simlaumu.

Reli zetu pia hazilingani upana: SGR milimita 1,435, reli ya kati ya zamani 1,000, TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, 1,067. Mzigo lazima uhamishwe njiani, kama pale Kidatu, TAZARA inapokutana na reli ya zamani. Kreni hubeba kontena kwa dakika chache tu. Kinachokula siku ni behewa la kupokea kutokuwepo, na karatasi kuja nyuma ya mzigo. Mifumo ya bandari, forodha na reli ikisomana, behewa litapangwa kabla meli haijafunga gati, na lakiri ya kielektroniki, ile inayofunga mlango wa kontena, itafunguliwa mara moja tu, mwisho wa safari.

Tupeni basi sehemu moja ya kuandika namba ya kontena, zile herufi nne na tarakimu saba, tuone lilipo. Hata kwa ujumbe mfupi wa simu ya kitochi.