Moduli ibebe jina la mfumo inaoutoa

Moduli ya kerneli (kipande kinachopakiwa kwenye kiini cha mfumo endeshi kinapohitajika) inayotoa mfumo mmoja tu wa mafaili, yaani namna data inavyopangwa kwenye diski, inapaswa kuitwa kwa jina la mfumo huo. Linux haijafika hapo, na wanaoumia ni mafundi.

Mfumo wa mafaili wa CD unaitwa iso9660. Ndilo jina unalolipa mount, amri ya kufungua diski, na ndilo utakalolikuta ndani ya /proc/filesystems, orodha ya mifumo ambayo kerneli inaitambua. Moduli yenyewe, hata hivyo, inaitwa isofs. Kijana ninayefanya naye kazi hapa Mwanga, Kigoma, alipewa kazi ya kuzuia CD kwenye kompyuta za ofisi fulani. Akaandika ndani ya /etc/modprobe.d, mahali pa mipangilio ya modprobe (amri inayopakia moduli), mstari huu wa kuzuia moduli:

blacklist iso9660

Akazima, akawasha, akatia CD. Ikafunguka. Hakuna onyo lolote, kwa sababu modprobe haijali ukizuia moduli isiyokuwepo. Yule kijana hakukosea hata herufi moja, ila kufuli lake lilikuwa kwenye mlango wa jirani. Kwenye mambo ya usalama, kinga inayoonekana ipo kumbe haipo ni mbaya kuliko kukosa kinga.

Kerneli yenyewe haipotei. Tangu toleo 3.9 la mwaka 2013, mount ikihitaji mfumo ambao haujapakiwa, kerneli huomba jina lenye kiambishi fs-, yaani fs-iso9660, na isofs huitikia kwa jina hilo la pili. Kiambishi kiliwekwa ili mtu asitumie mount kupakia moduli yoyote anayoitaka. Ni kazi nzuri, lakini imemsaidia mtambo tu. Binadamu bado anabahatisha.

Sidai yasiyowezekana. ext4 hufungua pia ext2 na ext3, na jina moja haliwezi kubeba yote matatu. Lakini isofs ina mfumo mmoja tu! Tazama exfat, iliyoingia toleo 5.7 mwaka 2020: moduli exfat, mfumo exfat, basi.

Najua kubadili jina la isofs leo kutavuruga mipangilio ya watu wengi, kwa hiyo libaki. Ninachotaka ni modprobe itoe onyo pale jina lililozuiwa si la moduli yoyote bali ni la mfumo. Mpaka hapo, kabla hujazuia kitu, uliza kwanza:

modprobe -R fs-iso9660

Itakujibu isofs. Hilo ndilo uliandike kwenye blacklist, kisha tia CD uhakikishe haifunguki kabla hujamkabidhi mteja mashine yake.